Umbali Ni Ule Ule, Saa Hazilingani

Andika majina ya viwanja viwili vya ndege kwenye kikokotoo chochote cha umbali mtandaoni, utajibiwa kabla hujashusha pumzi. Johannesburg hadi Sydney: kilomita 11,000 na ushei, saa 14 hivi za kuruka. Sasa geuza, andika Sydney hadi Johannesburg. Jibu linarudi lile lile, mpaka dakika ya mwisho. Hapo ndipo huwa nacheka, maana ukifungua ratiba za mashirika yanayoruka njia hiyo unakuta kwenda Sydney ni saa 12 kasoro, na kurudi Johannesburg ni saa 14 hivi. Saa mbili nzima na zaidi zimezuka kutoka hewani, na viwanja havijasogea hata hatua moja.

Sivibezi vikokotoo hivyo. Vinachofanya ni hesabu ya darasa la saba: vinapima umbali, vinaugawa kwa kasi ya kilomita 800 hivi kwa saa, halafu vinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa mtu anayetaka kujua tu kama safari ni ya kusinzia kidogo au ya kulala usiku mzima, inatosha. Tatizo linaanza pale anapolichukua jibu hilo na kupangia ndege ya kuunganisha, au kumwambia mtu amfuate uwanjani saa fulani.

Mimi ni wa kundi la watu wanaofuatilia ndege. Usingizi ukipotea hufungua Flightradar24, tovuti inayoonyesha ndege zilizoko angani, nikaangalia nani yuko juu ya Pasifiki usiku huo, na kwa nini amepinda vile. Ndugu na marafiki wameshanijua, kwa hiyo anayetaka kusafiri mbali ananiuliza itachukua saa ngapi. Nami kila mara humrudishia swali: unaenda lini, na kwa shirika gani? Wengine huona namzungusha. Lakini bila majibu ya hayo mawili, swali lake halijibiki.

Tuanze na sehemu iliyo rahisi, yaani mstari wenyewe. Ramani ya ukutani tuliyoizoea imetokana na mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia, na unazivuta nchi za kaskazini na kusini zikawa kubwa kuliko zilivyo. Ukichora mstari ulionyooka juu ya ramani hiyo unadhani umepata njia fupi. Hujapata. Njia fupi kati ya nukta mbili juu ya tufe ni kipande cha duara kuu, lile ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe, na kwenye ramani bapa linaonekana limepinda kama upinde.

Mfano ninaoupenda ni Anchorage, Alaska, na Saint Petersburg, Urusi. Miji yote miwili iko karibu na latitudo ya 60 kaskazini, na longitudo zake zimeachana karibu nyuzi 180 kamili. Kwenye ramani ya ukutani mmoja uko ncha ya kushoto na mwingine uko upande wa kulia, na mkono wako unataka kuvuka Kanada, Atlantiki na Skandinavia. Ukiifuata latitudo ya 60 namna hiyo unakwenda kilomita 10,000. Ukipanda moja kwa moja kaskazini, ukavuka ncha ya dunia na kushuka upande wa pili, ni kilomita 6,560 hivi. Hesabu yake unaweza kuifanya kichwani: kutoka Anchorage hadi ncha ni nyuzi 29, kutoka ncha hadi Saint Petersburg ni nyuzi 30, na kila nyuzi moja ya duara kuu ni kilomita 111. Marubani wanaona rahisi zaidi, kwa sababu maili yao ya baharini, kilomita 1.852, imekatwa kwa kipimo hicho hicho: nyuzi moja ina maili 60.

Kuna watu hubishana kama dunia ihesabiwe kama mpira kamili au kama mpira uliobonyea kidogo kwenye ncha. Imebonyea kweli, maana nusu kipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Wengine hukumbusha kwamba ndege iko kilomita 11 juu, hivyo duara lake ni kubwa kuliko la ardhini. Nalo ni kweli, na kwa safari ya kilomita 15,000 linaongeza kilomita 26, yaani dakika mbili za kuruka. Nawaachia.

Mpaka wa juu kabisa wa umbali wowote ni kilomita 20,000 na kidogo, nusu ya mzunguko wa dunia. Shanghai na Buenos Aires zinaukaribia, zikiwa zimetengana kilomita 19,600 hivi. Jozi kama hiyo ina jambo la ajabu: kwa kuwa kila mji uko karibu mgongoni kabisa mwa mwenzake, utoke kuelekea upande wowote ule, urefu unakuwa karibu sawa.

Baada ya hapo jiografia imemaliza kazi yake. Kinachofuata ni upepo, na upepo ndio ninaoupenda kuliko yote.

Ndege kubwa za masafa, kama Boeing 787 na Airbus A350, hukata hewa kwa asilimia 85 ya kasi ya sauti. Kule juu, ambako baridi inafika nyuzi 55 chini ya sifuri, hiyo ni kama kilomita 900 kwa saa. Ila hizo ni 900 ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Ndege haina habari na ardhi. Kama hewa iliyoibeba inakwenda mashariki kwa kilomita 150 kwa saa, anayeelekea mashariki anapita juu ya ardhi kwa 1,050, na anayepishana naye akielekea magharibi anajikokota kwa 750. Injini zinavuma sawa, na abiria wa ndege zote mbili hawasikii tofauti yoyote. Wa kwanza kuiona ni yule anayeacha sinema na kufungua ramani kwenye skrini ya kiti cha mbele, akaangalia mstari ulioandikwa kasi ya ardhini. Mimi hukaa nao huo. Unaupata umepanda kutoka 890 hadi 1,080 ndani ya robo saa, na chini yake saa ya kufika inajirudisha nyuma dakika moja moja bila mtu kutangaza chochote.

Mikondo hiyo ya upepo wa kasi iko kati ya kilomita 9 na 12 hivi kutoka ardhini, kaskazini na kusini mwa ikweta, na pande zote mbili huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya hewa ya upande wa ikweta na hewa ya upande wa ncha, ikisaidiwa na kuzunguka kwa dunia. Ndiyo maana hupata nguvu zaidi majira ya baridi, tofauti hiyo inapokuwa kubwa. Aliyeipima mapema ni Mjapani, Wasaburo Ooishi, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kupimia hewa ya juu cha Tateno. Katika miaka ya 1920 alirusha maputo, akayafuata kwa darubini, na akaona upepo ambao hakuna mtu aliyeutarajia. Akaandika taarifa yake mwaka 1926 kwa lugha ya Kiesperanto, akitumaini ulimwengu mzima utaisoma. Wachache sana waliisoma. Mwaka 1944 marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha mabomu juu ya Japani ndani ya ndege za B-29 walikutana na upepo huo huo kama kitu kigeni, wengine ukiwasukuma kupita shabaha, wengine wakikaribia kusimama angani walipoukabili kwa mbele.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, kimbunga Ciara kikielekea Ulaya, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Safari hiyo kwa kawaida ni saa 6 na zaidi. Kasi yake juu ya ardhi ilifika kilomita 1,327 kwa saa, na magazeti yakaanza kuuliza kama imevuka kasi ya sauti. La hasha. Ndani ya hewa iliyoibeba ilikuwa inakwenda mwendo wake wa siku zote. Concorde ndiyo iliyovuka kweli: mwaka 1996 iliumaliza umbali huo huo kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59, na tangu ilipostaafu mwaka 2003 hakuna abiria wa kawaida aliyekwenda hivyo tena.

Wengi hudhani upepo unajilipa: kinachopatikana kwenda kinatolewa kurudi, mwisho wa siku ngoma droo. Fanya hesabu uone. New York na London zimetengana kilomita 5,540. Bila upepo, kwa kasi ya 900, kwenda na kurudi ni saa 12 na dakika 19. Weka upepo wa kilomita 100 kwa saa: upande mmoja saa 5 na dakika 32, upande wa pili saa 6 na dakika 55, jumla saa 12 na dakika 28 hivi. Umepoteza dakika 9. Weka upepo wa 300, ambao hutokea: kwenda saa 4 na dakika 37, kurudi saa 9 na dakika 14, jumla saa 13 na dakika 51. Umepoteza saa moja na nusu, kwa sababu ndani ya upepo mbaya unakaa muda mrefu kuliko ndani ya upepo mzuri. Hakuna rubani anayekubali kurudi kwa njia hiyo. Anayekwenda magharibi huukwepa mkondo, hupanda kaskazini au kushuka kusini, akaongeza mamia ya kilomita ili apunguze dakika. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia zimekuwa zikipangwa upya kila siku kwa utabiri wa upepo, na vituo vya Gander, Kanada, na Shanwick, kinachohudumiwa kutoka Scotland na Ireland, ndivyo vinavyozisimamia.

Wanamaji wa majahazi wasingeshangaa. Kusi na kaskazi ndizo zilizowaambia lini waondoke na lini warudi, na hakuna nahodha aliyejibu swali la safari kwa kutaja urefu wa bahari.

Basi Johannesburg na Sydney imeshajieleza. Duara kuu kati ya miji hiyo linashuka kusini mpaka karibu na latitudo ya 50, juu ya bahari tupu, mahali ambapo upepo wa magharibi hauzuiwi na nchi kavu. Anayekwenda Sydney anasukumwa njia nzima. Anayerudi anapambana nao, au anaupisha kwa kupita kaskazini zaidi.

Kabla sijaendelea, niseme hili kwa kuwa naulizwa mno: hapana, ndege haifiki mapema ikienda magharibi eti kwa sababu dunia inazunguka chini yake na kuuleta mji. Hewa inazunguka pamoja na dunia. La sivyo, ungeruka juu sebuleni ukaangukia mtaa wa pili.

Upepo angalau hauna kinyongo na mtu. Serikali zinacho. Chukua Helsinki na Tokyo, kilomita 7,800 hivi. Duara kuu kati yake limelala karibu lote juu ya Urusi. Wakati wa vita baridi anga ya Siberia ilikuwa imefungwa kwa mashirika mengi ya Magharibi, na ndege nyingi za Ulaya kwenda Japani zilizunguka na kutua Anchorage kujaza mafuta. Ndiyo maana uwanja wa Alaska ulijaa maduka ya kuwauzia watu wasiokuwa na shughuli yoyote Alaska. Mwaka 1983 Finnair, shirika la Finland, walianza kuruka Helsinki hadi Tokyo bila kutua kwa ndege ya DC-10, wakiizunguka Urusi kwa kupitia ncha ya kaskazini na mlango bahari wa Bering. Ilichukua saa 13. Baadaye anga ikafunguliwa, safari ikashuka hadi saa 9 na nusu hivi, na shirika hilo likajenga biashara yake yote juu ya hoja moja: Helsinki ni njia ya mkato kwenda Asia.

Tarehe 28 Februari 2022, baada ya Umoja wa Ulaya kuzifungia ndege za Urusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, Urusi nayo ikazifungia anga ndege za nchi 36. Finnair wakafukua njia ya ncha. Saa 13 zikarudi, na abiria wakagawiwa cheti cha kuvuka Ncha ya Kaskazini. Cheti kizuri, sikatai, ila kila mmoja alikuwa amelipa zaidi ya saa tatu za maisha yake kukipata. Kati ya 1983 na 2022 ndege zilibadilika kabisa, injini mbili zikaleta ufanisi ambao injini tatu za DC-10 hazikuuota, na muda wa safari ukarejea ulipoanzia.

Ndiyo maana namuuliza mtu anasafiri na shirika gani. Mashirika ya China hayakufungiwa. Yanaendelea kupita Siberia, wakati ya Ulaya yanazunguka kusini kwa kupitia Uturuki na Asia ya Kati. Matokeo yake, siku moja, kati ya viwanja viwili vilevile vya Ulaya na China, kwa ndege za aina moja, unakuta tiketi mbili zenye tofauti ya saa mbili hivi angani. Kikokotoo kitasema nini hapo?

Si Urusi peke yake. Pakistani ilifunga anga yake mwishoni mwa Februari 2019 na kuifungua tarehe 16 Julai, na miezi yote hiyo safari za kutoka Delhi kwenda Ulaya na Marekani zikarefuka. Kuanzia Juni 2017 Qatar Airways walizuiwa kwenye anga za majirani wao kwa zaidi ya miaka mitatu. Mambo huenda upande wa pili vilevile: Machi 2018 Saudi Arabia iliiruhusu Air India kupita juu yake kutoka Delhi kwenda Tel Aviv, na safari ikapungua kwa saa mbili hivi. Shirika la Israeli, likienda nchi ile ile ya India, lilibaki kuzunguka kwa Bahari ya Shamu kwa miaka kadhaa zaidi.

Kuna vikwazo viwili vingine ambavyo mstari wa ramani hauvionyeshi, navyo nitavipitia haraka. Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kwenda mbali na uwanja wa dharura zaidi ya muda ambao imeidhinishiwa kuruka kwa injini moja. Zamani ilikuwa dakika 60, mwaka 1985 zikaruhusiwa 120, na leo A350 inaweza kuidhinishiwa hadi 370. Bahari za kusini zina viwanja vichache mno, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Qantas ya Australia kubaki na 747 ya injini nne kwenye njia ya Johannesburg kwa miaka mingi. Kingine ni Tibet. Hewa ya ndani ya ndege ikivuja, rubani anatakiwa kushuka upesi hadi mita 3,000 hivi ili watu wapumue, lakini uwanda wenyewe uko mita 4,500 kwa wastani. Hakuna pa kushukia, kwa hiyo wengi huuzunguka.

Turudi ardhini, ambako muda mwingi huliwa bila watu kuona. Ule muda ulioandikwa kwenye tiketi hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoacha lami. Unaanza ndege inapoondoka langoni na unakwisha inaposimama langoni kule inakokwenda, kwa hiyo ndani yake kuna foleni ya kupaa, na kuna kutambaa kuelekea jengo la abiria. Ukienda Heathrow kuna na kuzunguka angani: ndege zinazosubiri zamu hupangwa juu ya maeneo manne nje ya London, moja juu ya nyingine, zikishushwa ngazi kwa ngazi. Juu ya yote hayo shirika huongeza dakika zake za akiba. Ndege inayofika ndani ya dakika 15 baada ya muda wa ratiba huhesabiwa kuwa haikuchelewa, na ukiurefusha muda wa ratiba yenyewe kidogo, takwimu zako za kuwahi zinapendeza. Rubani anapotangaza kwa furaha kwamba mmefika dakika 20 kabla ya wakati, mara nyingi mmefika wakati wake hasa. Sina hasira nao. Ningekuwa mimi ndiye mpanga ratiba ningefanya vivyo hivyo. Ila nisiambiwe ni muujiza.

Safari ndefu kuliko zote ninayoifuatilia ni ya Singapore Airlines kati ya Singapore na New York. Kwa kipimo cha duara kuu ni kilomita 15,350 kasoro kidogo, na kwa kuwa longitudo za viwanja hivyo zimeachana karibu nyuzi 178, mstari wake unapita kandokando ya ncha ya kaskazini. Karibu hakuna siku ndege inaufuata. Ikitoka Singapore mara nyingi huvuka Pasifiki ikitafuta upepo wa nyuma, ikaruka zaidi ya kilomita 16,000, na bado ikafika mapema kuliko ambavyo ingefika kwa njia fupi. Ratiba ni kati ya saa 18 na nusu na 19. Ndege yake ni A350 iliyotengenezwa makusudi kubeba lita 165,000 za mafuta, na viti vyake ni 161 tu. Uzito ambao wengine wangeutumia kwa abiria umekwenda kwenye mafuta, na mafuta ya saa za mwanzo huchomwa kwa sehemu kubwa kuyabeba mafuta ya saa za mwisho.

Anayelalamikia saa 19 nampeleka 1943. Mwaka huo, Japani ikiwa imekata njia za kawaida, Qantas walianza kuruka kati ya Perth na Ceylon, Sri Lanka ya leo, kwa ndege za Catalina zinazotua majini. Ni zaidi ya kilomita 5,600 za Bahari ya Hindi, redio ikiwa kimya ili adui asisikie, njia ikitafutwa kwa nyota, na abiria hawakuzidi watatu. Safari ilichukua kati ya saa 27 na 33, kwa hiyo waliona jua likichomoza mara mbili kabla ya kutua, nao wakapewa cheti cha Mawio Mawili. Jina hilo ndilo Qantas walilolirithi kwa mpango wao wa kuruka Sydney hadi London moja kwa moja, kilomita 17,000. Kwenye jaribio la Novemba 2019, wakitoka London na abiria wachache, walitua Sydney baada ya saa 19 na dakika 19.

Bado kuna mtego wa saa za ukutani. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa majira ya unakotoka na saa ya kufika kwa majira ya unakokwenda, na mtu akizitoa moja kwa moja anapata upuuzi. Toka Tokyo Januari saa 17:00 kwa ndege ya saa 10, utafika Los Angeles saa 03:00 ya kesho yake? Hapana, utafika saa 10:00 tarehe ile ile, saa saba kabla ya kuondoka kwa mujibu wa saa za ukutani, kwa sababu Tokyo iko mbele kwa saa 17. Kurudi, unaondoka adhuhuri na kufika kesho yake saa 17:00, siku moja imemezwa na mstari wa tarehe. Dawa yake ni moja: badili saa zote mbili ziwe za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, ndipo utoe. Angalia ile +1 ndogo pembeni ya saa ya kufika, maana yake unafika siku inayofuata. Kumbuka Nepal iko mbele ya UTC kwa saa 5 na dakika 45, na kwamba nchi za Ulaya na Marekani hazibadilishi saa za kiangazi wiki moja, hivyo kila Machi kuna majuma mawili au matatu ambapo tofauti uliyoizoea si sahihi.

Kwa hiyo mtu akishanijibu lini na shirika gani, ninachofanya ni kuchukua namba ya safari yake, nifungue rekodi za ndege hiyo kwa wiki mbili zilizopita, kisha niangalie saa halisi za kupaa na kutua. Napuuza iliyowahi kuliko zote na iliyochelewa kuliko zote. Zilizobaki huwa zimekaribiana kuliko unavyodhani. Kama safari ni ya Januari na mimi natazama mwezi Julai, narudi kwenye Januari iliyopita, halafu nahakikisha tangu wakati huo hakuna anga iliyofungwa njiani. Kama ana ndege ya kuunganisha baada ya safari ya kutoka mashariki kwenda magharibi majira ya baridi, namshauri aache saa tatu katikati, hata kama mfumo wa tiketi umemruhusu saa moja na dakika kumi.